Mwongozo wa Tokaji Aszú: Kutoka Zabibu Iliyoota Kuvu hadi Glasi

Mvinyo mtamu wa Tokaj, kaskazini-mashariki mwa Hungaria, uitwao aszú, hutengenezwa kwa zabibu zilizoshambuliwa na kuvu, zikanyauka zingali mtini, kisha zikachumwa moja moja kwa mkono. Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo kwa mpangilio wake, tangu shambani hadi mezani. Umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuelewa anachonunua, kwa anayepanga kuyazuru mashamba hayo, na kwa mkulima wa zabibu anayejiuliza ni kipi anachoweza kuiga na kipi hawezi. Jambo moja litajitokeza katika kila hatua kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi: watu huusifu mvinyo huu kwa sukari yake, ilhali kinachoufanya unyweke bila kukinaisha ni uchachu wake, na karibu kila uamuzi wa mtengenezaji, kuanzia aina ya mzabibu hadi unyevu wa handaki, hulenga kuulinda uchachu huo.

Historia unayosimuliwa na historia iliyoandikwa

Mgeni akifika Tokaj husimuliwa kwamba mvinyo wa aszú uligunduliwa mwaka 1630 na mhubiri wa Kanisa la Kiprotestanti aitwaye Máté Szepsi Laczkó, aliyesimamia shamba la Oremus kwa niaba ya Zsuzsanna Lorántffy, mke wa György Rákóczi wa Kwanza. Inasemekana kuwa hofu ya kuvamiwa na majeshi ya Waturuki ilichelewesha mavuno, zabibu zikanyauka na kuota kuvu, na mhubiri huyo akaamua kuzikamua hivyo hivyo badala ya kuzitupa. Ni kisa kizuri, lakini nyaraka zinakikana. Hati ya urithi ya familia ya Garay ya mwaka 1571 tayari inautaja mvinyo wa aszú, na neno hilo limo pia katika kamusi ya Balázs Szikszai Fabricius, aliyefariki mwaka 1576, ingawa kamusi yenyewe ilichapwa mwaka 1590. Kwa hiyo Laczkó huenda aliiboresha njia au aliipatia sifa, lakini hakuianzisha. Anayekusimulia kisa chake usimkatize. Ujue tu kwamba kazi hii ni kongwe kuliko kisa hicho.

Katika karne ya 17 na ya 18 mvinyo huu ulikuwa pia chombo cha siasa. Ferenc Rákóczi wa Pili, aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Habsburg kati ya 1703 na 1711, alimpelekea Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa mvinyo kutoka katika mashamba yake, na mfalme huyo ndiye anayetajwa kuuita mvinyo wa wafalme na mfalme wa mivinyo. Warusi nao waliupenda kiasi kwamba kuanzia mwaka 1733 waliweka kamisheni maalumu ya kuununua na kuusafirisha hadi kwenye makao ya kifalme huko St. Petersburg, na kamisheni hiyo ilidumu hadi 1798. Soko kubwa la kila siku, hata hivyo, lilikuwa Polandi, na ilipogawanywa na majirani zake kuanzia mwaka 1772, ushuru wa mipakani uliwaumiza sana wakulima wa Tokaj.

Mwaka wa kukumbuka kuliko yote ni 1737, pale amri ya kifalme ilipoainisha vijiji vilivyoruhusiwa kuuza mvinyo kwa jina la Tokaj. Bonde la Douro nchini Ureno, ambalo mvinyo wake wa Porto husifiwa kwa kuwekewa mipaka mapema, lilifanyiwa hivyo mwaka 1756, yaani karibu miaka 20 baadaye. Leo eneo la Tokaj lina vijiji na miji 27 upande wa Hungaria, na sehemu ndogo iliyobaki ng'ambo ya mpaka uliochorwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza imo nchini Slovakia. UNESCO iliiweka Tokaj katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002.

Hatua ya kwanza: Kuielewa ardhi na mito

Mvinyo huu huanza na ukungu. Mto Bodrog, wenye maji ya polepole na kingo za majimaji, huungana na mto Tisza, ambao maji yake ni baridi zaidi, katika mji mdogo wa Tokaj ulio chini ya mlima. Majira ya vuli, kuanzia mwisho wa Septemba, unyevu hupanda usiku kutoka mitoni na kufunika miteremko ya kusini na kusini-mashariki ya milima ya Zemplén. Ifikapo adhuhuri jua huufukuza, na upepo kutoka tambarare huzikausha zabibu zilizolowa. Mpishano huo wa asubuhi yenye unyevu na mchana mkavu ndio unaohitajika. Unyevu ukikosekana kuvu haioti, na ukavu ukikosekana zabibu huoza vibaya.

Udongo nao una sehemu yake. Miteremko mingi imetokana na volkano zilizozimika zamani sana, na mizizi ya mizabibu hupenya katika miamba na udongo wa mfinyanzi uliotokana nayo. Mlima wa Tokaj wenyewe umefunikwa na vumbi laini la manjano lililoletwa na upepo, na watengenezaji wengi watakuambia kwamba mvinyo wake ni mlaini zaidi, ilhali ule wa miteremko ya mawe karibu na kijiji cha Mád una mkazo na uchachu unaobaki mdomoni muda mrefu. Majina ya viunga, yaani vipande maalumu vya mashamba ya mizabibu, kama Mézes Mály, Szent Tamás, Betsek na Disznókő utayaona kwenye chupa za bei ya juu, na hayakuwekwa hapo kama pambo tu, kwa kuwa viunga hivi vilikuwa vimepangwa kwa madaraja tangu karne ya 18.

Hatua ya pili: Kuchagua mizabibu

Sheria inaruhusu aina sita za zabibu nyeupe, nazo ni Furmint, Hárslevelű, Sárga Muskotály, Kabar, Kövérszőlő na Zéta. Kwa vitendo, kazi kubwa hufanywa na Furmint, inayochukua zaidi ya nusu ya mashamba. Sababu yake inaeleweka: huchelewa kuiva, kwa hiyo inakuwa bado mtini ukungu unapoanza, hushikwa na kuvu kwa urahisi, na, muhimu kuliko yote, huubakiza uchachu mkali hata ikiwa imejaa sukari. Aina ya zabibu inayopoteza uchachu wake inapoiva ingetoa sharubati nzito isiyo na uhai. Hárslevelű huongezwa kwa ajili ya harufu yake ya maua na asali, na Sárga Muskotály hutiwa kidogo kwa ajili ya manukato.

Zamani aina zilikuwa nyingi zaidi. Mdudu wa filoksera, aliyeharibu mizabibu ya Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, alifika Tokaj katika miaka ya 1880, na mashamba yalipopandwa upya kwa kuunganishwa na mashina ya mizabibu ya Kimarekani, wakulima walibaki na aina chache walizoziamini.

Hatua ya tatu: Kusubiri kuvu

Kuvu inayohusika huitwa kitaalamu Botrytis cinerea. Ni ileile inayoharibu stroberi na nyanya sehemu nyingi duniani, na tofauti kati ya kuharibu na kutengeneza ni hali ya hewa na kiasi cha kuiva. Ikiishambulia zabibu iliyokwisha kuiva na yenye ngozi nzima, hutoboa ngozi kwa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji hutoka kupitia matundu hayo na kukauka kwa jua na upepo, huku sukari na tindikali zikibaki ndani na kukolea. Kuvu yenyewe hula sehemu ya sukari na tindikali, huzalisha gliserini inayoufanya mvinyo uwe mzito ulimini, na huacha ladha ambazo zabibu ya kawaida haina, kama za aprikoti iliyokaushwa, asali, ganda la chungwa, na wakati mwingine harufu inayokaribia uyoga.

Mkulima huifuatilia zabibu ikibadilika rangi kutoka dhahabu hadi waridi yenye ukahawia, kisha zambarau iliyofifia, na mwisho kunyauka kabisa kama zabibu kavu yenye vumbi la kijivu juu yake. Haipendezi kuitazama, na mgeni asiyejua angedhani shamba limetelekezwa. Zabibu za kishada kimoja hazifikii hali hiyo pamoja: moja imenyauka, jirani yake imeanza tu kubadilika, na ya tatu bado ni nzima. Mvua ya siku kadhaa mfululizo ikinyesha wakati huu, zabibu hupasuka, bakteria wa siki huingia, na mazao hugeuka kuwa uozo wa kijivu usio na faida. Kuna miaka ambayo kuvu haiji kwa kiasi cha kutosha, na mtengenezaji mwenye heshima hatengenezi aszú hata chupa moja mwaka huo.

Mkulima wa Dodoma anayesoma hapa atakuwa ameshaona tatizo lake. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kiangazi huja wakati hewa ni kavu mno na hakuna mto wa kuleta ukungu, na yale ya wakati wa mvua huja na unyevu usiokauka, ambao huleta uozo mbaya tu. Njia ya kuvu haimfai. Anachoweza kuiga ni njia jirani ya kuzianika zabibu nzima kivulini au kuziacha mtini zinyauke kwa jua kavu, ambayo hukoleza sukari na uchachu bila kuvu, mradi achague zabibu yenye uchachu wa kutosha kama Chenin Blanc.

Hatua ya nne: Kuchuma zabibu moja moja

Kwa desturi mavuno ya Tokaj huanza siku ya Watakatifu Simoni na Yuda, tarehe 28 Oktoba, ingawa zabibu nzima kwa ajili ya mvinyo mkavu huchumwa mapema zaidi. Mavuno ya aszú huendelea Novemba yote na pengine huingia Desemba. Mchumaji hupita mstari uleule mara kadhaa kwa majuma, na kila mara hutoa tu zile zilizofikia hali inayotakiwa. Hubeba vyombo viwili, kimoja cha zabibu za aszú na kingine cha zile nzima. Kufikisha kilo kumi hivi za aszú kwa siku nzima ni kazi nzuri, na hapo ndipo bei ya chupa inapoanza kueleweka.

Ukipata nafasi ya kushiriki, zingatia mambo mawili. Kwanza, zabibu iliyonyauka hupimwa kwa pua kabla ya macho: ikinuka siki, huachwa, hata kama umbo lake ni zuri. Pili, usiibinye. Ngozi yake imeshakuwa laini kama karatasi iliyolowa, na tone linalopotea vidoleni ndilo lenye thamani kuliko yote shambani.

Baadhi ya vishada havitenganishwi. Vikiwa na mchanganyiko wa zabibu nzima na za kuvu, hukatwa na kukamuliwa vilevile vilivyo, na mvinyo wake huitwa Szamorodni, jina lililotokana na wanunuzi wa Kipolandi, lenye maana ya kitu kilivyozaliwa. Szamorodni tamu lazima ibakiwe na angalau gramu 45 za sukari kwa lita. Iko pia Szamorodni kavu, inayozeeka chini ya utando wa chachu, na ladha yake ya kokwa huwashangaza waliotarajia utamu. Kwa anayeanza kuijua Tokaj kwa fedha kidogo, Szamorodni tamu ndiyo ningempendekezea kwanza.

Hatua ya tano: Kukinga Eszencia

Zabibu za aszú hukusanywa katika mapipa au matangi yenye matundu chini hadi mavuno yaishe. Kwa uzito wake zenyewe, bila kubanwa na chochote, hutoa umajimaji mzito unaodondoka polepole sana. Huo huitwa Eszencia. Sheria inadai uwe na sukari isiyopungua gramu 450 kwa lita, na mara nyingi hupita hapo kwa mbali. Sukari ikiwa nyingi kiasi hicho chachu hushindwa kufanya kazi, kwa hiyo Eszencia huchachuka kwa miaka badala ya majuma, na kilevi chake kwa kawaida hakifiki hata kile cha bia nyingi. Wengine hubishana kama inastahili kuitwa mvinyo. Huuzwa kwa kiasi kidogo mno, hunywewa kwa kijiko, na sehemu kubwa haitoki ghalani kabisa: hutumiwa kuzipa nguvu aszú za mwaka huo. Hata hapa uchachu umekolea sambamba na sukari, na ndiyo maana Eszencia nzuri humezwa bila kuacha koo limenata.

Hatua ya sita: Kuloweka

Hii ndiyo hatua inayoitofautisha Tokaj na Sauternes ya Ufaransa au mivinyo mingine ya kuvu. Kwingineko zabibu za kuvu hukamuliwa moja kwa moja. Tokaj zimenyauka mno kuweza kukamuliwa hivyo, kwa hiyo hulowekwa kwanza katika kimiminika cha zabibu nzima za mwaka huohuo ili kimiminika hicho kiifyonze sukari, uchachu na harufu yake.

Zabibu za aszú hupondwa hadi ziwe rojo. Zamani zilikanyagwa kwa miguu, na hakukuwa na ujinga wowote katika hilo, kwani unyayo hauvunji mbegu, na mbegu iliyovunjika hutoa uchungu. Mashine za leo zimetengenezwa ziige ulaini huo. Kisha mtengenezaji huamua aloweke katika nini, na uamuzi huo hubadilisha mvinyo wote. Akitumia maji ya zabibu yasiyochachuka hupata aszú nyororo yenye harufu ya tunda bichi. Akitumia yale yaliyo katikati ya kuchachuka, joto na kilevi kidogo kilichomo husaidia kufyonza zaidi, na ndiyo njia inayopendwa na wengi. Akitumia mvinyo uliokwisha kuchachuka, kilevi hufyonza kwa nguvu, pamoja na ukakasi wa ngozi, na matokeo huwa mazito na yenye muundo wa kuzeeka miaka mingi. Rojo hulowekwa kati ya nusu siku na siku mbili, likikorogwa mara kwa mara.

Hapa ndipo hesabu maarufu ya puttony ilipozaliwa. Puttony ni kapu la mbao la kubebea mgongoni, lenye kuchukua kilo 25 hivi za zabibu za aszú. Pipa la kienyeji, liitwalo gönci kwa kuwa lilitengenezwa katika kijiji cha Gönc, lina ujazo wa lita 136. Idadi ya makapu yaliyomiminwa katika pipa moja ndiyo iliyokuwa daraja la mvinyo, kuanzia matatu hadi sita. Kwa makapu matano, basi, kilo 125 za zabibu zilizochumwa moja moja ziliingia katika pipa lisilofika lita 140. Leo hakuna anayehesabu makapu. Hupimwa gramu za sukari iliyobaki. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2013 madaraja ya makapu matatu na manne yameondolewa, na aszú yoyote lazima iwe na angalau gramu 120 kwa lita, kiwango ambacho zamani kilikuwa cha makapu matano. Makapu sita humaanisha gramu 150 au zaidi. Mabadiliko hayo yamepandisha hadhi ya jina, lakini yalifuta pia aszú nyepesi za makapu matatu ambazo zilifaa sana kunywewa na chakula, na kwangu hiyo ni hasara.

Hatua ya saba: Kukamua na kuchachusha

Rojo lililolowekwa hukamuliwa taratibu, na machicha yanayobaki hayatupwi: huweza kumiminiwa mvinyo tena na kutoa kinywaji cha daraja la pili kiitwacho Fordítás. Maji yaliyokamuliwa huchachuka polepole sana, kwa majuma na mara nyingi miezi, kwa sababu sukari nyingi huidhoofisha chachu. Hatimaye chachu huacha yenyewe au mtengenezaji huisimamisha kwa baridi, kuchuja na salfa kidogo, kilevi kikiwa kati ya asilimia 9 na 12 hivi. Sukari ya kuongeza hairuhusiwi, wala pombe kali ya kuongeza hairuhusiwi, na hilo ndilo linaloitenga aszú na Porto au mivinyo mitamu ya bei nafuu iliyokolezwa kiwandani.

Hatua ya nane: Pipa na handaki

Mahandaki ya Tokaj yalichimbwa kwa mkono katika mwamba laini wa volkano. Mengi ni ya chini kiasi cha kuinamia na yana milango myembamba, kwa kuwa yalitumika pia kama maficho wakati wa uvamizi. Joto lake hubaki kati ya nyuzi 10 na 12 za Selsiasi mwaka mzima, na unyevu wake ni mkubwa. Kuta zimefunikwa na kuvu nyingine, laini na nyeusi, iitwayo Zasmidium cellare, inayoishi kwa mvuke wa kilevi unaotoka mapipani. Usiifute ukitembelea; wenyeji huitunza kama dalili kwamba handaki lina afya.

Aszú lazima ikae katika mapipa ya mwaloni angalau miezi 18, na hairuhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tatu baada ya mavuno. Mwaloni wa misitu ya Zemplén ndio wa asili, na mapipa yaliyotumika tayari hupendelewa na wengi ili mbao zisiifunike harufu ya zabibu.

Hatua hii ndiyo iliyoleta ugomvi mkubwa zaidi katika historia ya karibuni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mashamba yaliwekwa chini ya shirika la serikali, na lengo likawa kujaza chupa kwa ajili ya soko la Umoja wa Kisovieti. Mvinyo ulichanganywa bila kujali kiunga ulikotoka, ukaachwa mapipani miaka mingi bila kujazwa hadi juu, ukapashwa moto, na wakati mwingine ukaongezwa pombe. Hewa iliyoingia ilizima tunda na kuacha rangi ya kahawia na ladha ya karameli. Ni lazima kukumbuka pia kwamba wafanyabiashara Wayahudi, walioijenga biashara ya Tokaj kwa karne mbili na kuacha majengo kama sinagogi la Mád la mwaka 1795, walikuwa wamepelekwa kwenye kambi za mauaji mwaka 1944. Pamoja nao ulipotea ujuzi wa masoko ambao shirika la serikali halikuweza kuufidia.

Baada ya mwaka 1990 mashamba yalirudi mikononi mwa watu binafsi na wawekezaji kutoka nje wakaingia. Royal Tokaji ilianzishwa mwaka huohuo kwa ushirika wa wakulima wa Mád na mwandishi Mwingereza Hugh Johnson, na kampuni ya Kifaransa ya AXA ikachukua Disznókő mwaka 1992. Walijaza mapipa hadi juu, wakapunguza muda wa kuzeesha, na mvinyo ukawa wa dhahabu angavu wenye harufu ya aprikoti. Wapo Wahungaria waliopinga kwamba hiyo si aszú waliyoizoea. Nionavyo mimi, waliokuja baada ya 1990 walikuwa sahihi kwa sababu moja: hewa nyingi huufanya uchachu uonekane kama ukali wa siki, ilhali katika pipa lililojazwa vizuri uchachu huohuo hubaki safi na kuubeba utamu. Mtengenezaji István Szepsy, ambaye kwa wengi ndiye mwalimu wa kizazi kizima, ameonyesha kwamba usafi huo hauhitaji kuacha desturi, bali uchaguzi mkali wa zabibu shambani.

Hatua ya tisa: Kuchagua chupa

Tafuta kwanza neno Tokaji pamoja na neno Aszú. Tokaj ni mahali, na Tokaji humaanisha cha Tokaj. Chupa yenye Tokaji Furmint pekee mara nyingi huwa na mvinyo mkavu, mzuri kwa njia yake lakini si unaoutafuta. Ukikuta chupa ya zamani ya Ufaransa iliyoandikwa Tokay, au ya Italia iliyoandikwa Tocai, ujue hizo ni zabibu nyingine kabisa. Haki ya kutumia majina hayo katika Umoja wa Ulaya ilikoma tarehe 31 Machi 2007.

Tazama kisha mwaka wa mavuno na makapu. Makapu sita yanagharimu zaidi, lakini si lazima yakupendeze zaidi. Kwa wengi makapu matano ndiyo yenye usawa bora. Chupa halisi ya aszú ni ya nusu lita, ya kioo kisicho na rangi, na mvinyo ndani yake unapaswa kuwa wa dhahabu hadi kaharabu. Ikiwa ni changa na tayari imekuwa ya kahawia, iache dukani.

Hatua ya kumi: Kuinywa na kuitunza

Ipoze hadi nyuzi 10 hadi 12, si zaidi, kwani baridi kali huificha harufu. Glasi ndogo ya mvinyo mweupe inatosha, na kiasi cha mililita 60 hivi kwa mtu hakitakuwa uchoyo, kwa kuwa mvinyo huu hunywewa polepole. Kuhusu chakula, kanuni ya kufuata ni kwamba kitindamlo kisizidi mvinyo kwa utamu. Halua ya Zanzibar, kwa mfano, itaufanya uonekane mchachu tu. Jibini ya bluu yenye chumvi huendana nao vizuri mno, vilevile maini ya bata, keki ya aprikoti isiyo na sukari nyingi, embe lisiloiva kupita kiasi, na korosho za kukaanga zenye chumvi kidogo. Vyakula vyenye viungo na pilipili vinastahili kujaribiwa pia, kwani sukari hutuliza ukali na uchachu husafisha mafuta.

Chupa isiyofunguliwa, ikilazwa mahali penye giza na baridi isiyobadilika, hudumu miongo kadhaa. Iliyofunguliwa irudishiwe kizibo na kuwekwa kwenye friji, ambako hukaa majuma kadhaa bila kupoteza mengi. Ukiona chembe zinazong'aa kama vipande vya kioo chini ya chupa, usiirudishe dukani: ni chumvi za tindikali ya zabibu iliyoganda kwa baridi, hazina madhara, na zitabaki chini ukiisimamisha chupa saa chache kabla na kumimina bila haraka.